Pete Inayoimba Mara Mbili

Sehemu ya Tisa

Wiki nzima mmekuwa mkiniuliza kama panga lile lilishuka. Lilishuka, msomaji wangu. Ila halikushuka pale ulipodhani.

Kwa aliyechelewa kutufikia: tulimwacha Mathias amepiga magoti ndani ya bustani ya mapumziko ya manispaa, Sumbawanga mjini, Jumapili asubuhi, misa ya pili ndiyo kwanza imeanza. Kipimo chake, ile mashine yenye mpini mrefu na sahani ya duara inayonusa vyuma ardhini, kilikuwa kimelia karibu na benchi la tatu. Akachimba kwa kisululu chake cha mpini mfupi. Ikatoka rupia moja ya Mjerumani, nyeusi kwa uzee. Hajaifuta hata udongo, akahisi ubaridi wa chuma shingoni.

"Tulia hivyo hivyo," sauti ikasema.

Ndipo panga likashuka. Likapita kando ya shavu na kuondoka na ncha ya sikio la kushoto.

Mathias alipiga ukelele, akakamata sikio, damu ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Rupia ikadondoka. Kisululu kilibaki pale pale kimesimama, ncha yake udongoni.

"Hiyo ni salamu. Sasa geuka."

Akageuka. Mbele yake alisimama Kelvin.

Miaka mitatu walilala hema moja kwenye machimbo ya dhahabu Chunya. Mathias akishika kipimo, Kelvin akichimba. Waligombana, wakaachana, na Mathias akarudi kwao Ufipa akiamini kwamba yale yamekwisha. Watu wengine hawasahau hata sahani ya ugali.

"Mambo, mzee wa kipimo," Kelvin alisema. "Umenenepa. Nyumbani kunakufaa."

Nyuma ya Kelvin lilisimama jitu la mtu lililoitwa Masanja, chepe begani, halina haraka. Na kwenye benchi la tatu, amefungwa mikono kwa kamba ya katani, alikaa mama Epifania, msimamizi wa bustani, mwanamke wa miaka sitini na ushee, sweta la kijivu, kitenge na mabuti ya mpira. Alikuwa akilia.

"Unataka nini, Kelvin?"

"Sanduku."

"Sanduku gani?"

Masanja ndiye aliyejibu. Alimpiga Mathias bapa la chepe mgongoni hadi akaangukia uso kwenye majani yenye umande.

"Mji mzima unalijua," Kelvin aliendelea. "Mjerumani wa boma alipokimbia, mwaka ule Mwingereza alipofika, aliacha sanduku la rupia. Wewe wiki mbili unaokota moja moja humu. Rupia hazitembei, Mathias. Zimevuja kutoka mahali."

"Kabla ya hii ya leo nimeokota nne. Zote anazo mama Epifania, tunazipeleka ofisi ya mambo ya kale. Muulize."

"Kweli, baba," mama Epifania alisema kwa kwikwi. "Nne tu. Mwacheni mwanangu."

Kelvin hakumtazama. Alitoa simu mfukoni, akaibonyeza, akaibana kwenye sikio zima la Mathias.

"Baba Silvana." Ilikuwa sauti ya Adela, mkewe. "Fanya wanavyosema. Niko salama." Akakohoa. Mbwa akabweka mara mbili. "Ni baridi tu. Niko kwenye gari lao."

"Adela, wamekupiga? Mama Silvana?"

Kelvin alikuwa ameshaiondoa simu.

"Yuko nje na mwenzetu, na geti tumelifunga kwa kufuli. Misa ikiisha watu wanajaa hapa kupiga picha. Kabla ya hapo tuwe tumeondoka na sanduku. Tukikosa, mwenzetu anateremka naye bonde la Ziwa Rukwa, na huko hutamwona tena."

Mathias akainuka. Mtoto wao Silvana alikuwa salama kwa bibi yake, huko Laela, lakini Adela alikuwa ndiye Adela. Mengine yote aliyokuwa nayo duniani yangeweza kupotea leo na kesho angeamka.

"Nitatafuta," alisema. "Msimguse."

Hapa nikuombe radhi, msomaji, nisimame kidogo nikuambie habari ya pete. Bila hiyo hutaelewa tulikofika.

Mtu wa kipimo hujaribu mashine yake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mathias aliijaribu kwa pete ya ndoa ya Adela. Dhahabu yake aliichimba mwenyewe Chunya, akampa fundi mmoja mlevi aliyeichanganya na shaba vibaya, sehemu moja dhahabu, sehemu nyingine shaba tupu. Kwa macho huoni kitu. Ila kila kipimo kilipopita juu yake kiliimba mara mbili: mlio wa juu, laini, kisha papo hapo wa chini. Hakuna chuma kingine kilichowahi kumlilia Mathias hivyo.

Basi kila alfajiri Adela alichuchumaa mlangoni, akaweka mkono wake chini, na mumewe akapitisha kipimo juu ya vidole. Hakuivua pete. Haikuvulika. Tangu amzae Silvana kidole kilinenepa, pete ikagoma kuvuka kifundo, si kwa sabuni wala mafuta ya kula. "Nitazikwa nayo," alikuwa akisema, na wote wawili wakacheka. Hata leo alfajiri walicheka.

Na jambo la pili. Mtu wa kipimo hafanyi kazi na chuma mwilini. Mkanda, funguo, simu, vyote huviacha kwa mtu anayemwamini. Mathias aliviacha kwa mama Epifania, wiki mbili mfululizo. Mama naye kila siku alijipapasa mbele yake na kusema, "Mimi sina chuma, mwanangu, nipime." Mathias alimpima kwa utani, na kipimo kilikaa kimya.

Haya. Turudi bustanini, maana Masanja ameshainua chepe.

Mathias alivaa hedifoni. Upande wa kushoto ulimgusa jeraha akaona nyota, akausukuma nyuma, akasikiliza kwa kulia peke yake. Upepo wa Juni ulikuwa ukikata. Kutoka kanisani kwaya iliimba kwa nguvu, na nyumba zote za jirani zilikuwa tupu. Hata angepiga kelele, nani angesikia?

Kipimo kikalia kando ya tuta la maua. Masanja akachimba. Vikatoka vizibo vya soda, kumi na kitu, vimeota kutu.

Masanja alimpiga ngumi ya tumbo. Mathias akatapika chai aliyopewa asubuhi na mama Epifania.

"Shimo la kwanza nimesamehe," Kelvin alisema.

Kipimo kikalia tena, safari hii chini ya msonobari. Mlio ulikuwa mzito na Mathias aliomba Mungu uwe wenyewe. Masanja akachimba hadi magotini. Likatoka jembe la kale, lile la Kifipa lenye umbo la jani, ambalo mababu walilifua wenyewe na kulitoa kama mahari. Siku nyingine Mathias angelibusu.

Kelvin alilitupa kichakani.

"Leta mkono."

"Kelvin, ndugu yangu, ardhi ya hapa imejaa vyuma. Watu wamefua chuma hapa miaka na miaka. Nipe muda."

"Nimesema leta mkono. Masanja, mshikie."

Masanja aliubana mkono wa kushoto wa Mathias juu ya ukingo wa benchi la tatu, hatua moja kutoka magoti ya mama Epifania. Panga lilishuka mara moja. Kidole kidogo kikadondoka kwenye changarawe, kikalala pale kimejikunja.

Mathias hakulia. Alipoteza fahamu kidogo, akazinduliwa na maji ya baridi usoni.

Mama Epifania alikuwa amefumba macho. "Waambie tu, mwanangu," alilia. "Kama kuna mahali umesikia sanduku ukanyamaza, sema. Mwonee huruma mkeo, anaumia na baridi kwenye gari huko."

"Sikiliza wakubwa," Kelvin alisema.

Mathias aliukunja mkono ndani ya shati. Damu ilipita ikadondoka kwenye viatu.

"Siendi popote mpaka nimsikie mke wangu."

"Umeshamsikia."

"Nimsikie tena. Ama niue hapa, uchimbe bustani nzima kwa kucha zako."

Kelvin alimwangalia, akaona hatanii. Akatoa simu. Akabonyeza. Akaiweka sikioni kwa Mathias.

"Baba Silvana. Fanya wanavyosema. Niko salama." Akakohoa. Mbwa akabweka mara mbili. "Ni baridi tu. Niko kwenye gari lao."

Simu ikaondolewa.

Mathias alibaki ametazama chini. Alikuwa mtu aliyekula kwa sikio lake miaka kumi. Kikohozi kilekile. Baada ya neno lilelile. Na mbwa yuleyule, mara mbili, mahali palepale pa sentensi.

Haikuwa simu. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Hakukuwa na Adela kwenye gari, na pengine hapakuwa na gari lenyewe.

Kitu kilivunjika ndani yake na kingine kikasimama. Hofu ilimtoka. Iliyobaki ilikuwa hasira, hasira tulivu ya mtu aliyeamua, na mbaya kuliko ya kupayuka. Kama wamemuua, hakuna atakayetoka humu akitembea. Kama yu hai, kuna mtu anajua aliko, na mtu huyo lazima azungumze.

"Basi," alisema taratibu. "Nimeshindwa. Niliwaficha. Nalijua lilipo."

Mama Epifania akafumbua macho.

"Liko wapi?" Kelvin aliuliza.

"Chini ya tanuri."

Katikati ya bustani, ndani ya uzio mfupi wa mbao, lilisimama tanuri la kale la kuyeyushia chuma, lile ambalo Wafipa waliliita ilungu. Lilikuwa la udongo, refu kuliko watu wawili wakipandana, jembamba juu na pana chini, limezungukwa na vijilango kumi kwenye kitako chake. Manispaa waliliacha liwe kumbukumbu, na maharusi walipenda kupigia picha hapo. Babu yake Mathias alikuwa mtu wa matanuri. Akiwa mdogo alisikia kwake kwamba ilungu ni bibi harusi, hupambwa, huimbiwa, na hasukumwi. Alisikia pia kwamba uzito wake wote umekaa kwenye miguu, yaani zile kuta nyembamba kati ya kijilango na kijilango. Ukivunja mguu mmoja wa upande wa mteremko, bibi harusi anakaa chini.

"Kwa nini chini ya tanuri?" Kelvin hakuwa mjinga.

"Ndani kwenye sakafu kuna shimo. Wazee waliweka dawa humo kabla ya kuwasha moto. Mjerumani alilikuta shimo tayari. Ungekuwa wewe una haraka, ungechimba jipya?"

Kelvin alifikiri. "Pima nisikie."

Mathias alisogeza kipimo kwenye kitako cha tanuri. Kikapiga kelele. Kilipiga kelele upande huu na upande ule, kikaunguruma, kikapasuka sauti. Kelvin akampokonya hedifoni akaivaa mwenyewe, na uso wake ukabadilika. Macho yalimng'aa akasahau hata kufunga mdomo.

Mtoto yeyote wa Ufipa angemwambia ni nini kile. Kila tanuri la kale limekalia rundo la mavi ya chuma, yale makapi meusi yaliyobaki baada ya kuyeyusha, na kipimo kikiyagusa hukosa adabu namna hiyo. Lakini Kelvin hakuzaliwa Ufipa, na katika miaka yote ya Chunya hakuwahi kutaka kujifunza mlio. Alitaka kuchimba tu.

"Masanja," aliita. "Ingia."

Masanja alilala kifudifudi kwenye kijilango kikubwa. Kichwa kikapita, mabega yakakwama.

"Hapapitiki," alisema kwa ndani.

"Panua," Mathias alisema. "Kata huo ukuta mdogo wa kulia. Huo wa upande wa mteremko."

Alipolisema hilo moyo ulimuuma. Babu yake angemlaani. Lakini babu yake hakuwahi kusikia mke wake akikohoa ndani ya simu.

Masanja alipiga chepe. Udongo wa miaka mingi ulikuwa mgumu, ukatoa cheche. Akapiga tena. Kanisani kwaya ilianza wimbo wa komunyo, maana yake muda ulikuwa unakwisha.

"Fanya haraka," Kelvin alisema. Panga lake lilikuwa limelala begani kwa Mathias, upande wa makali.

Mguu ukakatika. Masanja akalitupa chepe nje, akaingiza mabega, kisha kiuno. Zikabaki nje buti mbili.

"Naona shimo," sauti yake ilisema, nzito, imefurahi. "Kelvin, kweli kuna sh..."

Tanuri likapiga mlio mfupi. Ufa ukapanda kutoka kitakoni hadi juu upesi kuliko macho. Mathias alijitupa nyuma, panga likamkata begani likiteleza, na bibi harusi akakaa chini.

Ardhi ilitikisika. Vumbi jekundu lilifunika kila kitu. Lilipotulia, buti mbili zilikuwa bado zinaonekana chini ya kifusi. Moja ilipiga teke mara mbili tatu. Kisha ikaacha.

Mathias aliziangalia na akajua ameua mtu. Hakuwa na nafasi ya kulijua zaidi ya hapo.

Kelvin alikuwa hai. Bonge la ukuta lilimwangukia mguu wa kulia, mfupa umetoka nje ya suruali, na bado panga lilikuwa mkononi. Mathias alipomsogelea alilizungusha kwa nguvu zote. Lilimpasua paja. Mathias akamwangukia, wakabiringishana kwenye vumbi, mmoja hana mguu na mwingine hana kidole. Kelvin alimtia meno shingoni. Mathias akapapasa, akakuta bonge la mavi ya chuma, zito, lenye ncha, akalishusha kwenye kifundo cha mkono wenye panga. Kikavunjika, panga likaruka mbali. Akalishusha tena mdomoni. Meno yakaenda.

"Adela yuko wapi?"

Kelvin alitema damu.

"Nauliza mara moja. Yuko wapi?" Akaliinua lile bonge.

"Sijui," Kelvin alisema. Sasa alikuwa akilia kweli, machozi yakipita kwenye vumbi. "Wallahi sijui, Mathias. Hatujawahi hata kumwona mkeo. Tulitumiwa ile sauti tu kwenye simu leo asubuhi, tukaambiwa tukuwekee sikioni."

"Nani aliwatumia?"

Macho ya Kelvin yalihama. Yalipita juu ya bega la Mathias, yakamtazama mtu nyuma yake. Mdomo uliovunjika ukafunguka.

Chepe lilishuka katikati ya uso wake.

Likapanda. Likashuka tena. Baada ya la pili Kelvin hakuwa na uso wa kutazama wala mdomo wa kujibia.

Mama Epifania alisimama juu yake akihema, sweta limerukiwa na damu, kamba ya katani inaning'inia kwenye mkono mmoja.

"Nimeikata kwa meno," alisema. "Angekuua, mwanangu. Nimemwona akiokota panga kwa mkono mwingine."

Mathias alitazama. Panga lilikuwa mbali, hatua tatu nzima. Lakini kichwa chake kilikuwa kinazunguka, na mama yule alikuwa mwenye mvi, na alikuwa analia.

"Alikuwa anataka kuniambia," alisema.

"Wanasema uongo hawa hadi kaburini." Alilitupa chepe juu ya kifusi, akamshika kwapani akamwinua. "Twende ukae. Unamwaga damu."

Mathias alikiokota kipimo bila kufikiri, akakiegemea kama gongo. Hedifoni ilikuwa imening'inia kwenye waya. Aliipachika kichwani kwa mazoea tu, upande wa kulia, maana mikono yake ilihitaji kufanya kitu inachokijua. Kelele za mavi ya chuma zilimjaa sikioni, kisha zikapungua kadiri walivyolipa tanuri mgongo, kisha zikanyamaza kabisa.

Walifika benchi la tatu. Kisululu kilikuwa bado kimesimama udongoni, hatua mbili tatu pembeni. Mama Epifania alichana upindo wa kitenge, akamfunga mkono, akamfunga paja. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na havikutetemeka.

"Najua walikomweka," alisema kwa sauti ya chini. "Niliwasikia wakinong'ona. Yuko stoo, kule nyuma, ninakoweka majembe yangu."

"Stoo ya hapa? Ya bustani?"

"Ya hapa hapa. Inuka, mwanangu, twende kabla watu hawajatoka misa wakaharibu kila kitu."

Mathias alihisi uhai ukimrudia. Adela yuko hapa, hatua mia tu, pengine amefungwa, pengine anamsikia. Alijiinua kwa kipimo, akayumba, na mama Epifania akamkumbatia asianguke. Sahani ya kipimo ikainuka kati yao, ikapita mbele ya mfuko wa lile sweta la kijivu.

Sikioni mwake kipimo kiliimba.

Mlio wa juu, laini. Papo hapo, wa chini.

Mathias alisimama. Chini hapakuwa na kitu. Udongo wa benchi hili alishaupima mara mbili leo, na kitu pekee alichokisikia, rupia ile, kilishatoka. Alijifanya anayumba tena, akairudisha sahani taratibu mbele ya mfuko.

Mara mbili. Juu, kisha chini.

Wiki mbili alimpima mama huyu kwa utani, na wiki mbili kipimo kilikaa kimya. Hata leo saa kumi na mbili, getini, kabla hajamkabidhi simu yake, kilikaa kimya. Kisha mama akaenda kuchemsha chai. Alikaa saa nzima akichemsha chai. Akiwa na simu ya Mathias, na namba ya Adela ndani yake.

*Anaumia na baridi kwenye gari huko.* Simu ilikuwa imebanwa sikioni kwake peke yake. Nani alimwambia mama Epifania kuhusu baridi?

Na pete ile haivuki kifundo. Si kwa sabuni, si kwa mafuta. Mathias aliutazama mkono wake mwenyewe, ule uliofungwa kitenge, nafasi ya kidole kisichokuwepo, akaelewa pete ilivyotoka.

"Kinalia nini hicho?" mama Epifania aliuliza.

Alikuwa ameacha kulia. Macho yake makavu yalikuwa kwenye hedifoni.

"Vizibo vya soda, mama," Mathias alisema.

Walitazamana. Kutoka upande wa stoo mbwa alibweka mara mbili. Ilikuwa sauti ileile. Kanisani kengele ya kumaliza misa ikaanza kupigwa, na funguo za geti hakujua zimo mfukoni mwa maiti gani.

Angeweza kukimbia kwa mguu mmoja hadi getini, akagonga, akasubiri watu. Lakini Adela alikuwa stoo, na hakujua kama mkewe alikuwa na saa nzima ya kumsubiri au dakika moja. Hilo ndilo lililoamua. Alishika kipimo vizuri.

"Twende, mama. Nionyeshe."

"Tangulia wewe," mama Epifania alisema kwa upole, akimsogezea njia. "Tangulia, mwanangu. Mlango uko wazi."

Mathias alitangulia. Hakuwa amefika hatua ya tatu aliposikia, nyuma yake, kisululu chake kikichomolewa udongoni.